Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyevuka Bahari hadi Bombay

Kila mwaka, Navaratri inapowadia, wanawake wa jumuiya yetu huweka katikati ya ukumbi chungu cha udongo chenye taa ndani yake. Hukizunguka kwa garba, wakipiga makofi na kumwimbia Mama wa ulimwengu, wazee kwa vijana, mwenye duka na mfanyakazi wake, wote katika mduara mmoja. Majirani zetu wa Magamba wanaofika kutazama hawahitaji kuelezwa mengi. Wasambaa wana mdumange wao, wana ngoma za arusi na za kuwatoa wari, nao wanajua tangu kale kwamba watu wanapocheza pamoja huwa wanasema jambo juu ya maisha yao: nani ni wa nani, nani anaheshimiwa, nani amesamehewa, nani bado anasimama nje ya mduara.

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye sauti yake ilibadili mduara huo katika pwani yetu yote. Hakuwa Mhindu, wala hakuzaliwa katika milima hii. Lakini damu ya mama yake ilitoka jirani na hapa, na jina lake lilienea duniani kwa njia ya mji ambao mababu wengi wa waumini wetu walipandia meli kuja Afrika. Huyo ni Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua, yaani mtu wa nchi ile ya nyika iliyo kusini ya Usambara, ng'ambo ya Mto Pangani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nchi ambayo nasaba ya mtu ilisomwa katika nguo yake, katika miguu yake isiyo na viatu na katika kichwa chake kisichofunikwa. Hata jina alilopewa lilibeba alama ya zama zile: aliitwa Mtumwa.

Hakusoma shuleni. Elimu aliyopata kwanza ilikuwa ya mikono, nayo alifundishwa na mama yake, aliyekuwa mfinyanzi. Alijifunza kuuponda udongo, kuukanda, kuufinyanga na kuuchoma, kisha kubeba vyungu kichwani na kwenda kuviuza. Katika kuvitembeza ndiko watu walikoanza kuisikia sauti yake. Aliinadi bidhaa yake kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba walio mbali waliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Ndoa ya ujana wake haikudumu. Akabaki na vyungu, na sauti, na nia ya kuyatoa maisha yake mahali yalipokuwa.

Mwaka 1911, akiwa amekwisha kupita miaka thelathini, aliondoka shamba akahamia mjini. Ili kuelewa ukubwa wa hatua hiyo, yafaa tuutazame mji wenyewe jinsi ulivyokuwa ukicheza na kuimba.

Mji wa Unguja ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, makao ya ukoo wa kifalme, ya mabwana wa karafuu na ya matajiri wa biashara. Upande wa pili wa hori ulikuwa Ng'ambo, walikoishi kwa wingi watu waliotoka utumwani, wahamiaji wa bara, wachukuzi, wavuvi, mafundi na watu wasio na mali. Ng'ambo ilikuwa na ngoma kila pembe. Wanawake walikuwa na vyama vya lelemama, wakijipanga safu kwa mavazi ya sare na kucheza kwa madaha, huku chama kimoja kikishindana na kingine kwa nyimbo za mafumbo. Katika vyama hivyo mwanamke aliyetoka utumwani aliweza kupewa cheo, kuchangia, kuzikwa na wenziwe na kuitwa dada na mwanamke muungwana. Wanaume nao walikuwa na beni, ngoma iliyoiga gwaride na matarumbeta ya majeshi, yenye vyeo vya kifalme na kijeshi. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 beni ilienezwa na askari na wachukuzi hata ikafika mbali sana bara.

Wasomi waliokuja baadaye waliona kwamba ngoma hizi zilikuwa kitu kizito kuliko mchezo wa jioni. Mwanahistoria Terence Ranger alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya beni, akionyesha jinsi watu waliotawaliwa walivyotumia ngoma kujipanga, kushindana na kuikejeli dunia ya wakubwa. Margaret Strobel alifanya kazi ya namna hiyo juu ya lelemama na wanawake wa Mombasa. Wanawake wenyewe, bila shaka, walilijua jambo hilo kabla ya kuandikwa. Ilitosha kuona nani anaongoza safu na nani amewekwa nyuma.

Taarabu, kwa upande wake, ilikaa juu ya yote hayo. Tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyemtuma mtu Misri kujifunza kupiga kanuni, taarabu ilikuwa muziki wa jumba la kifalme. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikasikilizwa kwa utulivu na watu waliokaa. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Ikhwani Safaa, wakajifunza ala na nyimbo hizo, lakini nao walikuwa wanaume, na lugha yao ya kuimbia ilikuwa Kiarabu. Kati ya ngoma ya Ng'ambo na taarabu ya Mji Mkongwe palikuwa na hori la maji na hori lingine la heshima, na hilo la pili lilikuwa gumu zaidi kulivuka.

Siti alilivuka. Alipofika mjini alikutana na watu wa Ikhwani Safaa walioitambua sauti yake, wakamfundisha ala na kanuni za uimbaji. Akajifunza nyimbo za Kiarabu, na baadaye akaimba pia Kihindustani. Wakajiunga naye wanamuziki ambao majina yao hayana budi kutajwa pamoja na lake: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaabani na Mbaruku Effendi Talsam. Kundi hilo lilikuwa na udi, fidla na tari. Kwa kuwa wengi wao walikuwa watu wa Ng'ambo au wenye asili ya chini kama yeye, walifanya jambo lililoonekana dogo lakini likageuza kila kitu: waliimba taarabu kwa Kiswahili. Maneno yaliyosikika barazani, habari za mahakamani, mapenzi, wivu, dhuluma na mizaha ya mtaani vikaingia katika muziki uliokuwa wa jumba la kifalme.

Sifa zikaenea. Alialikwa na matajiri, akaimba mbele ya Sultani, akaitwa kwenye arusi za Waarabu na za Wahindi. Ndipo jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Hebu tufikiri kidogo juu ya badiliko hilo. Mtoto aliyeitwa kwa jina la hali ya chini kabisa katika nchi yake aliishia kuitwa kwa jina la hali ya juu, na waliomwita hivyo walikuwemo watoto wa mabwana wa zamani.

Wapo waliochukizwa. Washindani walitunga nyimbo za kumkumbusha Fumba, mavazi yake ya umaskini na ukosefu wake wa nasaba na wa uzuri wa sura. Jamii nyingi zina tabia hiyo: hupenda wimbo na kumdharau mwimbaji, hufurahia ngoma na kumwona mchezaji si mtu wa kuozwa katika nyumba njema. Siti hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo, akieleza kwamba sura na ukoo si mali ya kujivunia, na kwamba aibu ya kweli ya mtu ni kukosa akili na elimu. Aliimba akiwa amejistiri, na kwa njia hiyo aliwafunga midomo wale waliotaka kusema kwamba mwanamke akisimama mbele ya watu amekwisha kupoteza heshima yake.

Machi 1928 ilikuwa mwanzo wa sura mpya. Kampuni ya His Master's Voice ilimwalika Siti na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo zao kwenye santuri. Kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakija kwetu na kaskazi kutoka Kachchh na Gujarat, yakirudi na kusi, yakibeba vitambaa, shanga, mchele, pembe na karafuu. Safari hii bidhaa iliyovuka ilikuwa sauti ya binti wa mfinyanzi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za kibiashara, na nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili. Kundi lilirudi tena Bombay katika miaka miwili iliyofuata. Makumi ya maelfu ya santuri yaliuzwa Unguja, Pemba, Mombasa, Tanganyika na hata Kongo, na kufikia 1931 wenye mitambo walikuja Unguja wenyewe kurekodi.

Tukumbuke pia ni mji wa namna gani uliompokea. India ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilohilo. Novemba 1902, mjini Calcutta, Gauhar Jaan alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa India kurekodiwa kwenye santuri. Naye alitoka katika tabaka la wanawake waimbaji na wachezaji ambao matajiri waliwaalika usiku na kuwakwepa mchana. Waungwana wengi walikataa kwanza kuimba mbele ya mtambo ule, na wanawake wa namna ya Gauhar Jaan ndio waliothubutu. Kwa hiyo Siti alipoingia chumba cha kurekodia cha Bombay, aliingia kwa mlango ambao wanawake wengine, wenye sifa na dharau kama zake, walikuwa wameufungua.

Santuri zilifanya kazi ambayo hakuna arusi wala karamu ingeweza kuifanya. Palipokuwa na duka la Mhindi na gramafoni juu ya kaunta, watu walikusanyika barazani kusikiliza, na wasio na senti ya kununua walisikia sawa na mwenye kununua. Kiswahili cha Unguja kikasikika bara kwa sauti tamu. Na habari za mjini zikasafiri ndani ya nyimbo.

Mojawapo ya nyimbo hizo ni ule wa Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka bara, mja mzito, aliyechukuliwa kwa hila akanyweshwa pombe, akaharibiwa na kuuawa. Muuaji alitoroka akavuka bahari, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Katika nchi ambayo mwanamke wa Ng'ambo hakuwa na gazeti, wala wakili, wala nafasi katika baraza lolote, wimbo huo ulikuwa kumbukumbu ya kesi na hukumu ya pili. Mahakama ilisema lake. Watu waliousikiliza wimbo waliamua lao, na uamuzi wao umedumu hadi leo, kwa kuwa wimbo bado unaimbwa.

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanahusu nini ngoma, ikiwa taarabu ilisikilizwa kwa kukaa? Jibu limo katika yaliyotokea baada ya taarabu kuingia Ng'ambo kwa Kiswahili. Hadhira iliyokuwa imeketi ikaanza kuinuka. Mwanamke aliyeguswa na ubeti husimama, husogea mbele kwa mwendo wa madaha, mkono umeinuliwa na noti vidoleni, akamtunza mwimbaji. Na kwa kutunza huko kila mtu ukumbini hujua ubeti ule umemhusu nani. Katika vitongoji na mashamba ilikua kidumbaki, ambayo huchukua mashairi ya taarabu na kuyaweka juu ya mapigo ya ngoma, watu wakacheza. Hivyo ile iliyoanza kama sauti ya jumba la kifalme ilirudishwa miguuni mwa watu, na Siti ndiye daraja lililopitiwa.

Hapa India inatupa mfano wa kulinganisha. Dansi ya mahekalu ya kusini, iliyokuwa ikichezwa na wanawake waliowekwa wakfu kwa miungu, iliangukiwa na dharau kubwa katika utawala wa Waingereza, hata ikataka kufa. Mwaka 1935 Rukmini Devi, binti wa Kibrahmani, alithubutu kuicheza hadharani mjini Madras, na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha Kalakshetra. Kwa juhudi hizo na za wengine, dansi hiyo, inayojulikana leo kama Bharatanatyam, ikapata heshima duniani kote, na binti zetu hujifunza wakiwa na fahari. Lakini wengi wa wanawake wa ukoo ule wa kale waliohifadhi hatua zake kwa karne nyingi waliachwa nje ya heshima hiyo, isipokuwa wachache wenye kipaji kama Balasaraswati waliosimama imara. Sanaa ilisafishwa jina, na waliokuwa wakiifinyanga wakasahauliwa.

Kwa Siti mambo yalikwenda njia nyingine. Hakusubiri mtu wa nyumba kubwa aichukue sauti yake na kuivika nguo safi. Aliibeba mwenyewe kutoka shamba hadi Ng'ambo, kutoka Ng'ambo hadi jumba la Sultani, kisha hadi Bombay, na kila alipofika alibaki binti Saad. Heshima ilipokuja, ilimkuta mwenye kazi yake. Hilo ni funzo kubwa kwa kila jumuiya inayojivunia nyimbo na ngoma zake: tuwatazame kwanza watu wanaozibeba, kabla ya kuzisifu.

Umri ulipomwendea, Siti alikutana na mtu wa mkoa wetu. Shaaban Robert, mshairi aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alimsikiliza akisimulia maisha yake. Bibi huyo aliyekuwa amekwisha kuimba mbele ya wafalme aliikabidhi habari yake kwa karani mwenye kalamu njema, ili isipotee kama inavyopotea sauti baada ya karamu. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1958, nao ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke wa kawaida kama maisha yanayostahili kuandikwa.

Wengine waliipokea sauti yenyewe. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude, alimfuata Siti tangu utotoni, akazishika nyimbo zake, akaziunganisha na ngoma ya unyago aliyokuwa mwalimu wake, akaendelea kuimba na kupiga ngoma hadi uzee mkubwa. Alifariki mwaka 2013. Na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanalitumia jina la nani.

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu hapa Magamba, chini ya msitu na ukungu wa milima hii, tunayo sababu ya kulikumbuka jina hilo pamoja na majirani zetu. Wahenga wa Kiswahili walisema mengi juu ya ujirani, na wahenga wa Kigujarati walisema mengi pia. Lakini maisha ya Siti yanaonyesha kwa vitendo kile wahenga walichokusudia. Mama Mzigua alimfundisha kufinyanga, Waunguja walimfundisha kuimba, Misri na Uarabuni zilimpa ala, India ikampa mtambo wa kuihifadhi sauti, na mwana wa Tanga akampa kitabu. Ukiondoa mkono mmoja katika hiyo, chungu kinapasuka.

Navaratri ijayo, chungu chetu chenye taa kitakapowekwa katikati, tunawaomba waumini wawakaribishe majirani ndani ya mduara, wasiishie mlangoni kutazama. Tunawaomba pia mabinti na vijana wa jumuiya, wanapoalikwa kwenye ngoma ya Kisambaa, waende na kujifunza hatua zake kwa adabu, kutoka kwa wale wanaozijua, na wawaulize majina yao. Taa iliyomo ndani ya chungu huonekana na wote kwa kuwa mfinyanzi aliacha matundu ya mwanga kupita.